SAUTI TANO TUNAZO, YA SITA TUJIFUNZE
Somo kwa vikundi vya vijana, kwaya na wazazi



Katika toleo hili hatutazungumza juu ya ng'ombe wa maziwa wala juu ya vyama vya akiba na mikopo. Tutazungumza juu ya kinanda, na hasa juu ya ngazi moja ya sauti inayotumika katika muziki wa jazi. Tunajua kuna mzazi atakayesema, "Sasa hawa watu wa maendeleo wameishiwa na maneno." Tunamwomba avumilie kidogo. Somo hili limetokana na jambo lililotupata hapa kwetu upande wa Sosiot, na nusura tuliharibu kabisa.

1. KINANDA KILICHOFUNGIWA KABATINI

Katika kituo kimoja cha kanisa tunachokitembelea kuna kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61. Kilinunuliwa kwa ajili ya misa ya Jumapili. Siku nyingine sita kilikaa kabatini na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti wa kamati.

Vijana walipoomba wajifunze jioni, sisi tuliwaunga mkono. Wengi wao wamemaliza shule na wako nyumbani tu. Wengine huchuma chai kwa kibarua, na kibarua hicho kimepungua tangu mashine za kuchuma zilipoingia katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet. Tuliiambia kamati kwamba kijana mwenye kitu cha kufanya saa kumi na moja jioni si sawa na kijana aliyekaa sokoni akingoja giza. Kamati ikakubali, lakini kwa majaribio ya miezi mitatu tu. Baada ya hapo ingeamua kama kinanda kitabaki wazi au kitarudi kabatini.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Mmoja wetu alipata kwa rafiki yake mjini karatasi moja ya mazoezi ya piano, imeandikwa ngazi ya bluzi. Tukaibandika ukutani. Tukawaambia vijana waipige juu na chini, juu na chini, mpaka vidole vizoee. Tulidhani tunafundisha! Wiki ya kwanza walikuja vijana 14. Wiki ya nne walikuja wanne. Tena malalamiko yalikuwa yameshafika kwa kamati, ati watoto wanapiga muziki wa baa ndani ya nyumba ya Mungu. Mzee mmoja alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Hawa watoto wanapanda ngazi na kushuka, wanapanda na kushuka, lakini hawaingii nyumbani."

Mzee alisema kweli.

Jumanne moja mvua kubwa ilinyesha, na akina mama waliokuwa wanatoka mkutanoni wakajikinga mle ndani. Kati yao alikuwamo kogo mmoja mwenye miaka zaidi ya themanini. Alimsikiliza msichana mmoja, mchuma chai, akirudia ile ngazi yetu ya ukutani. Mwishowe akamwuliza, "Mtoto wangu, huo wimbo una maneno gani?"

"Hauna maneno, Kogo. Ni ngazi tu."

Kogo akatikisa kichwa. Akaanza kuimba wimbo wake mwenyewe, wa wakati alipokuwa msichana. Yule binti akajaribu kumfuata kwa kidole kimoja. Kwenye vibonyezo vyeupe alipotea. Akahamia vyeusi peke yake, na kumbe wimbo karibu wote ukakaa pale, isipokuwa sauti moja tu ambayo hakuipata mahali popote. Kogo akacheka. "Hicho chombo chenu hakina sauti yangu," akasema.

Tangu siku ile tumebadilisha mafundisho yetu. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

2. JAZI NI NINI, NA INATUHUSU NINI?

Hapa Afrika Mashariki neno jazi tumelizoea katika majina ya bendi za gitaa za zamani, kama Morogoro Jazz na Western Jazz za Tanzania. Lakini jazi yenyewe ilizaliwa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Waliouanzisha muziki huo ni Waamerika weusi, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Mama yake jazi, au tuseme mmoja wa mama zake, ni bluzi, yaani nyimbo za watu hao za kazi, za shida na za kujifariji. Mababu zao wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na nchi za Kongo na Angola, si huku kwetu milimani. Kwa hiyo hatusemi kwamba bluzi ilitoka Kericho. Tunasema tu kwamba mtu wa Kericho akiisikia, haimpigi sikio kama kitu kigeni kabisa. Sababu ipo, na tutaieleza.

Kwanza tukumbushe habari moja ambayo watu wa huku wanapaswa kuijua. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, ukishapita Litein kwenda Sotik. Alirekodi waimbaji na wapigaji wa chepkong, kile kinanda chetu cha nyuzi. Katika nyimbo hizo ulikuwamo mmoja wa wasichana wa Kipsigis, unaoitwa Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimeletwa huku na wageni, na watu wakalitamka jina lake kwa ulimi wa kwao. Tracey aliandika kwamba wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu na nusu swala, wakimhimiza acheze. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, iliyoko Afrika Kusini, ikisaidiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala za nyimbo hizo kwa watu wa huku.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Huyo Jimmie Rodgers aliimba bluzi kwa wingi, akiwa amejifunza mengi kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani. Mwezi wa Julai 1930, mjini Los Angeles, alirekodi wimbo mmoja wa bluzi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi. Na aliyepiga piano siku hiyo alikuwa mwanamke, Lil Hardin Armstrong, mzaliwa wa Memphis, ambaye miaka ya 1920 alikuwa amepiga katika bendi maarufu za jazi zilizojaa wanaume. Hivyo yule Chemirocha aliyeimbwa Kapkatet alikuwa amekwisha kukaa chumba kimoja na jazi. Tulipomweleza hayo yule binti wetu, alichouliza ni kimoja tu: "Huyo mama alifundishwa na nani?" Tukamjibu kwamba Lil alianza kwa kufundishwa piano kama mtoto yeyote, na baadaye akaingia katika bendi za watu waliotegemea masikio kuliko karatasi. Alikubali kujifunza upya. Ndivyo na sisi tulivyolazimika kufanya.

3. NGAZI YENYEWE

Wanakwaya wetu wengi wanajua do, re, mi, fa, so, la, ti. Hizo ni sauti saba. Lakini nyimbo nyingi za zamani za Wakipsigis hutembea juu ya sauti tano tu, karibu na do, re, mi, so, la. Fa na ti hazipo. Ndiyo maana wimbo wa Kogo ulikaa kwenye vibonyezo vyeusi, kwa sababu vyeusi viko vitano katika kila mzunguko, na vimepangana hivyo hivyo.

Tazama kinanda vizuri. Vyeusi vimekaa kwa makundi, viwili, halafu vitatu, halafu viwili, halafu vitatu. Cheupe kilicho kushoto tu kwa kundi la viwili ni do. Cheupe kilicho katikati ya viwili hivyo ni re. Cheupe kilicho kulia kwao ni mi. Kwenye kundi la vitatu, cheupe kilichoko kati ya cha kwanza na cha pili ni so, na kilichoko kati ya cha pili na cha tatu ni la. Kwa herufi za Kizungu hizo ni C, D, E, G na A.

Sasa usianze na do. Anza na la, halafu panda: la, do, re, mi, so, la. Ni sauti zile zile tano, lakini kwa kuanzia la zinakuwa na huzuni kidogo, kama wimbo wa jioni. Huo ndio mwili wa ngazi ya bluzi.

Bado moja. Kati ya re na mi kuna kibonyezo cheusi. Kiingize: la, do, re, cheusi, mi, so, la. Hapo ngazi imekamilika. Ina sauti sita, na ya saba ni la ya juu inayorudia ya kwanza.

Hiyo sauti ya sita ni nini? Sisi tunaifananisha na mkaa wa senetwet ndani ya sotet. Mursik ni maziwa. Mkaa si chakula. Ukitia mkaa mwingi, umeharibu maziwa. Usipotia kabisa, mgeni atakunywa lakini hatasema hiyo ni mursik. Vivyo hivyo, kile cheusi si mahali pa kukaa. Unakigusa ukipita kwenda mi, au ukishuka kwenda re. Kijana anayekikalia sana, muziki wake unachacha vibaya. Asiyekigusa kamwe, anapiga wimbo mzuri, lakini si bluzi.

4. JINSI YA KUFANYA MAZOEZI

Kabla ya kuanza, angalia mambo mawili kwenye kinanda cha umeme. Kwanza, kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti kiwe kwenye sifuri, la sivyo utapiga la na itatoka sauti nyingine. Pili, zima midundo ya kujiendesha. Ni mitamu, lakini inamficha mwanafunzi makosa yake.

WIKI YA KWANZA: MDOMO. Usiguse ngazi bado. Kila mmoja alete wimbo mmoja wa zamani kutoka nyumbani, kutoka kwa kogo au mzee yeyote, na auimbe mbele ya wenzake. Kisha autafute kwenye vibonyezo vyeusi peke yake, kwa kidole kimoja. Hakuna haraka. Hapa mwanafunzi anagundua mwenyewe kwamba zile sauti tano tayari anazo.

WIKI YA PILI: VIDOLE. Sasa hamia kwenye la. Tunaviita vidole kwa namba: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5. Kwa mkono wa kulia:

la (1), do (2), re (3), cheusi (4), mi (1), so (2), la (3).

Ugumu uko mahali pamoja tu, pale gumba linapopita chini ya kidole cha nne ili kufika mi. Rudia hapo peke yake: re, cheusi, mi, re, cheusi, mi, mara kumi, pole pole. Ukishuka, kidole cha nne kinaruka juu ya gumba kurudi kwenye cheusi. Usiinue kiwiko kama kuku anayetaka kuruka. Wachuma chai mnajua siri hii. Mchumaji hodari hatumii nguvu, mkono wake ni mwepesi na jicho linajua majani mawili na chipukizi. Mwenye nguvu nyingi huchoka saa tatu asubuhi.

Kwa mwendo, tumia saa ya ukutani. Mshale wa sekunde hupiga mara 60 kwa dakika. Piga sauti moja kwa kila pigo la saa. Ukiweza kupanda na kushuka mara tatu bila kukosea, piga sauti mbili kwa kila pigo. Ukikosea, rudi kwenye moja. Hakuna aibu katika kurudi.

WIKI YA TATU: MWENDO WA KUCHECHEMEA. Jazi haitembei kama askari. Zile sauti mbili kwa pigo hazilingani. Ya kwanza ni ndefu na ya pili ni fupi: daaa-da, daaa-da, daaa-da. Imba hivyo kwanza ukipiga mguu chini, ndipo upige. Katika wiki hii, acha kupanda na kushuka ngazi nzima. Chukua sauti tatu tu, kwa mfano la, do, re, na utunge nazo sentensi fupi. Kisha nyamaza. Kunyamaza pia ni muziki.

WIKI YA NNE: KUINGIA NYUMBANI. Wimbo wa bluzi wa kawaida una vipimo 12, na kila kipimo kina mapigo manne. Mkono wa kushoto unashika sauti mbili mbili, zote nyeupe, kwa mpango huu:

Vipimo 4: la na mi
Vipimo 2: re na la
Vipimo 2: la na mi
Kipimo 1: mi na ti
Kipimo 1: re na la
Vipimo 2: la na mi

Halafu unaanza tena. Mkono wa kulia unasema maneno yake kwa zile sauti sita, na ngazi ile ile inafaa juu ya mkono wa kushoto wote. Maneno ya bluzi mara nyingi huja kwa mistari mitatu. Mwimbaji anasema jambo, analirudia, kisha analijibu. Kila mstari unachukua vipimo vinne. Si mbali na yale ya kwetu ya kiongozi na waitikiaji. Kwa hiyo kaeni wawili wawili. Mmoja apige swali kwa vipimo viwili, mwingine amjibu kwa viwili. Asiye na kinanda aimbe jibu.

Hapo yule mzee wetu aliyelalamika akisikiliza, atasikia watoto wameingia nyumbani.

5. SAUTI YA KOGO

Tuliahidi kurudi kwenye ile sauti ambayo Kogo alisema haimo katika chombo chetu. Tulimwuliza aimbe tena, tukasikiliza kwa makini. Sauti yake ilikaa juu kidogo ya kibonyezo kimoja na chini kidogo ya kile kinachofuata. Kinanda kimegawanywa sehemu 12 zilizo sawa, na kati ya sehemu mbili hakuna kitu. Lakini koo la binadamu halikugawanywa hivyo, wala nyuzi za chepkong, ambazo mpigaji huzikaza kufuata sikio lake.

Tulidhani hiyo ni hasara ya Kogo. Kumbe ni jambo lile lile lililowasumbua waimbaji wa bluzi. Wao pia waliimba sauti za katikati, na wapiga piano wao walitafuta njia ya kuziendea. Njia hizo ni mbili, nanyi mzijaribu.

Ya kwanza: bonyeza do, na papo hapo kidole cha jirani kiguse kile cheusi kilicho kulia kwake, kana kwamba umejikwaa. Sikio litasikia kitu kilicho kati ya hizo mbili. Ya pili: weka kidole kwenye kile cheusi cha kati ya re na mi, halafu kidole hicho hicho kiteleze mpaka mi. Mtelezo huo ni kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde.

Kwa hiyo tunawaambia vijana wazi kwamba ile karatasi ya ukutani ni ramani tu, na ramani si nchi. Ngazi ya bluzi iliandikwa ili kufuata sauti za watu kama Kogo, wala Kogo hakuumbwa ili afuate karatasi. Ukitaka kujua kama umepiga vizuri, usiulize mashine. Mwombe mzee mmoja akusikilize.

6. KAMA HAKUNA KINANDA, AU STIMA IMEPOTEA

Vikundi vingi vitasema, "Sisi hatuna hicho kinanda." Hata sisi tuna kimoja kwa watu wengi, na stima ya huku inajulikana. Fanyeni hivi. Chukua karatasi ya manila, uchore vibonyezo vya mzunguko mmoja na nusu kwa kipimo cha kweli. Vijana wafanye mazoezi ya vidole juu yake huku wakiimba sauti kwa mdomo. Anayeimba ngazi kwa usahihi juu ya karatasi atahitaji muda mfupi kwenye kinanda, lakini anayebonyeza bila kuimba hata mwaka hautamtosha.

Pangeni muda kwa daftari. Dakika 15 kwa mtu, watu wanane, ni saa mbili kamili. Anayemaliza aandike jina na alichokifanya. Dakika 15 kila siku mbili ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi moja, kwa maana vidole husahau haraka.

7. KAMATI ILIAMUA NINI?

Miezi mitatu ilipokwisha, kamati ilikutana. Sisi tulikiri makosa yetu mbele yao. Hofu ya wazee haikuwa ya bure. Walisema watoto wamekwisha kuacha nyimbo za kwao, na sasa kinanda kitamaliza kazi. Mmoja aliuliza, "Chepkong iko nyumba ngapi leo?" Hakuna aliyejibu.

Tulieleza kwamba bluzi haitapigwa kwenye misa, maana kila muziki una mahali pake. Tena tukakumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Kwa hiyo kijana anayejifunza kumsikiliza Kogo anafanya kazi ambayo hata kanisa linaihitaji. Lakini maneno yetu hayakuwa na uzito mwingi. Lililokuwa na uzito ni kwamba yule binti aliinuka, akamwomba Kogo aimbe, akamfuata kwa mikono miwili pole pole, na pale kwenye ile sauti ya katikati akajikwaa kwa makusudi kati ya vibonyezo viwili. Kogo aliacha kuimba. Akasema, "Sasa kinanisikia."

Kamati ikaamua kinanda kibaki wazi Jumanne na Alhamisi, kwa sharti moja. Kila kijana anayejifunza lazima alete wimbo wa mzee wa nyumbani kwao, na maneno yake yaandikwe kwenye daftari maalum pamoja na jina la aliyeuimba. Sharti hilo hatukulitunga sisi. Lilitoka kwa yule mzee wa ngazi.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji. Kinanda hakijampa yeyote kati ya vijana hawa mshahara. Yule binti bado anachuma chai akipata kibarua, na asipopata anakaa nyumbani kama wengine. Mara moja moja ameitwa kupiga kwenye harusi, akapewa kitu kidogo. Lakini Jumanne anakuja, mikono ina madoa ya majani, anaosha, anakaa, na wale wadogo wanamsogelea. Yeye ndiye anayewafundisha sasa. Na haanzi na karatasi ya ukutani. Anaanza kwa kuwauliza, "Kogo wako anaimba nini?"

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi bado wanajua nyimbo za zamani? Nani kati yetu atawatembelea mwezi huu?
2. Je, kuna chombo au chumba cha jumuiya yetu kinachofungiwa wiki nzima? Ufunguo uko kwa nani, na tumemwomba kwa njia gani?
3. Sisi walezi, ni lini tulibandika karatasi ukutani tukafikiri tumefundisha?
4. Zoezi: kila mmoja aimbe la, do, re, mi, so, la bila kinanda. Kisha aongeze ile sauti ya sita. Wenzake wasikilize, wasicheke, na wamsaidie.